Kilatini cha kitaluni: nomino na sifa zilivyonitoa jasho

Naandika hii kwa sababu kuna watu wawili wameniuliza kwa nyakati tofauti wanataka kuanza Kilatini, mmoja yuko chuo anasoma sheria, mwingine mambo ya misitu, na wote wamekwama palepale nilipokwama mimi, kwenye yale majedwali ya nomino zinazobadilika mkia na sifa (vivumishi) zinazotakiwa kuzifuata. Mimi sio mwalimu wa lugha jamani. Nina kitalu cha miche hapa Mafinga, nauza paina, milingoti, grevilea na parachichi za kubebesha, na Kilatini nilikutana nacho kwenye vibao vya miche.

Ukiuza miche kwa mtu wa kawaida haulizi jina la kisayansi, anauliza bei na imekaa muda gani kwenye kiriba. Ila wakija watu wa miradi wanataka kibao kiwe na jina kamili. Sasa mimi nikawa naandika, Grevillea robusta, sawa, a na a. Persea americana ambayo ndio parachichi, a na a. Nikifika kwenye paina, Pinus patula, us na a. Nikadhani wamechapa vibaya, nikaangalia kwingine, ni hivyohivyo. Alafu mpunga ni Oryza sativa, kitunguu saumu ni Allium sativum, hapo neno ni moja lakini mkia sio mmoja, na hakuna mtu wa kuniambia kwanini. Afisa mmoja nilimuuliza akasema "mama wewe nakili tu". Nikanakili, ila moyoni haikuisha.

Nikaanza. Kitabu nilichopata kilikuwa cha Kiingereza, nikakitoa kopi steshenari, shilingi 100 kwa ukurasa, ikala kama elfu 20 na kitu na bado kurasa zingine zilitoka nyeusi hazisomeki. Bando la kuangalia video nalo lilikuwa linaisha katikati ya somo. Mume wangu akawa anacheka, unataka kuwa sista na watoto hawa unamwachia nani? Hela iliuma lakini kilichouma zaidi ni usiku ule wa baridi ya Mafinga ya mwezi wa saba, umekaa na jiko la mkaa pembeni unaimba silva, silvae, silvae, silvam, silva kama mtoto wa chekechea, asubuhi ukiamka unakumbuka wimbo lakini ukipewa sentensi ya maneno matatu huwezi kuisoma. Hapo ndipo watu wengi wanaachia njiani, na siwalaumu.

Kuna kitu kingine kilinivuruga na nataka mkijue kabla hamjatoa hela. Vitabu havipangi zile hali za nomino kwa utaratibu mmoja. Kilatini kina hali sita: nominativu ni ya mtenda, jenitivu ni ya umiliki (ile "ya" yetu), dativu ni ya anayepewa, akuzativu ni ya anayetendwa, ablativu ni ya "kwa, kutoka, pamoja na" na mambo kibao, na vokativu ni ya kumwita mtu. Vitabu vingi vya Marekani vinaweka jenitivu ya pili kwenye jedwali. Vingi vya Uingereza vinaleta akuzativu juu, jenitivu inashuka chini. Waliosoma kwa Waitaliano wana mpangilio wao ambao vokativu inakaa kabla ya ablativu. Kopi yangu ilikuwa ya kwanza, video zangu zilikuwa za pili, na mzee aliyekuja kunisaidia alikuwa wa tatu. Unakariri mstari wa pili kumbe kila mtu ana mstari wa pili wake! Chagua kitabu kimoja, kingine kifunge kabisa mpaka umalize makundi yote matano ya nomino (zimegawanywa kwa jinsi mikia yake inavyobadilika).

Huyo mzee ndiye aliyenifungua macho. Alisoma seminari enzi misa bado ya Kilatini, upadri hakufika, akawa mwalimu wa shule ya msingi huko Iringa vijijini mpaka akastaafu. Nilipelekwa na shangazi. Nikamkuta anapukuchua mahindi, tukasalimiana kamwene, kamwene, nikamweleza shida yangu na daftari langu mkononi. Hata hakulifungua. Akaniuliza, "Mwanangu, kiongozi kizuri au kiongozi mzuri?"

Nikasema kiongozi mzuri, mwalimu.

"Kwanini? Si kinaanza na ki? Kitabu kizuri, kiti kizuri, mbona kiongozi hakufuata?"

Nikasema kwa sababu ni mtu.

"Basi hiyo ndio agricola bonus," akasema, akaendelea na mahindi yake.

Nielezee hapo maana ndipo penyewe. Agricola ni mkulima, iko kundi la kwanza, kundi ambalo karibu lote ni majina ya kike yanayoishia na a, kama silva, msitu. Lakini mkulima kwa Waroma alikuwa mwanaume, kwahiyo jina ni la kiume hata kama mkia ni a, na sifa yake inakuwa bonus na sio bona. Sifa haiangalii sura ya neno, inaangalia neno lenyewe ni la jinsia gani, ni moja au mengi, na liko hali gani. Mambo matatu hayo, mkia kufanana hakumo. Sisi tunafanya hivyo tangu tukiwa wadogo bila kufundishwa: kijana mrefu, sio kijana kirefu, vijana warefu, ndege mkubwa akiwa na manyoya na ndege kubwa ikiwa ya abiria. Mzungu anayejifunza Kilatini hapo anatoka jasho maana Kiingereza chake "good" ni "good" tu kila mahali. Sisi tumezaliwa ndani ya upatanisho, alafu tunakubali kutishwa na kitabu kilichoandikiwa mtu ambaye lugha yake haina kitu hicho.

Na Pinus patula ikajibiwa hapohapo. Majina ya miti kwa Kilatini kwa kawaida ni ya kike, hata yakiishia na us. Pinus ni ya kike, ndio maana patula. Mlingoti Eucalyptus saligna hivyohivyo. Mkia wa us umevaliwa na mwanamke, basi.

Nikauliza na lile la pili linalosumbua, kwamba neno moja lina sura moja kwenye hali tofauti, sasa utajuaje? Akasema, nyumba yangu, nyumba zangu, nyumba imebadilika? Nikabaki kimya. Nyumba haisemi kama ni moja au kumi, anayesema ni "yangu" na "zangu". Kilatini wana species, ambayo ipo kwenye kila karatasi ya mimea mnayosoma nyie wa misitu, sp. nov. mnaiona, ni species nova, spishi mpya. Zikiwa nyingi ni species novae. Species imekaa vilevile, sifa ndiyo imesema. Fructus, tunda, iko hivyohivyo kwenye maandishi: fructus magnus ni tunda kubwa moja, fructus magnos ni matunda makubwa mengi yanayotendwa kitu, yameliwa au yamechumwa. Nikaandika hiyo kwenye jalada la daftari. Kabla ya hapo nilikuwa naona sifa kama mzigo wa pili juu ya mzigo wa nomino, kumbe ukikwama na nomino unaiangalia sifa iliyo karibu yake, mara nyingi itakuambia.

Sasa nisiwadanganye, Kiswahili kina kikomo chake na hapa ndipo nilipohangaika zaidi kuliko kwenye sifa: hizo hali zenyewe. Sisi mtenda na mtendwa tunawajua kwa mpangilio. Simba amemwona mkulima, mkulima amemwona simba, umebadilisha nafasi umebadilisha habari, tena kwa watu wa Idodi huko karibu na Ruaha tofauti hiyo ni kubwa. Kilatini hawajali. Agricola leonem videt, mkulima anamwona simba. Leonem agricola videt, bado mkulima ndiye anayemwona simba. Videt leonem agricola, vilevile. Ile em ya leonem ndiyo inayomfanya simba awe anayeonwa, mweke mbele mweke nyuma. Ukitaka simba ndiye amwone mkulima inabidi useme leo agricolam videt. Kichwa changu kwa muda mrefu kilikuwa kinashika neno la kwanza na kulifanya mtenda, bila hata kuangalia mkia, na nadhani kila Mswahili atafanya hivyo. Dawa niliyopewa na mzee ni kusoma kila sentensi kwa kutafuta kitenzi kwanza, alafu nominativu, alafu ndiyo uanze kukusanya wengine, na kalamu mkononi unapiga mstari chini ya mkia. Inachosha. Inasaidia.

Ila hata hapo tuna mlango mdogo wa kuingilia. Shamba langu, ukisema ndani yake inakuwa shambani mwangu. Nomino imeongeza mkia na kile kinachoifuata kimebadilika pia, langu imekuwa mwangu. Hiyo ni tabia ya Kilatini kabisa. In silva magna, ndani ya msitu mkubwa, ni ablativu. In silvam magnam, kuingia kwenye msitu mkubwa, ni akuzativu kwa sababu kuna mwendo. Ukishakubali kwamba "shambani" ni neno lililovaa mkia kwa kazi maalum, zile hali sita zinapungua ukali.

Njia iliyonifaa mwishowe nilijitengenezea kitaluni, nikiwa najaza viriba udongo. Mti mmoja unakupa makundi yote matano. Silva, silvae, msitu, kundi la kwanza. Folium, folii, jani, kundi la pili, la jinsia ile isiyo ya kiume wala ya kike. La tatu lina arbor, arboris, mti. Radix, radicis, mzizi. Flos, floris, ua. Semen, seminis, mbegu. La nne fructus. La tano species. Kila moja nikalipa sifa yake moja na nikawa nayabeba pamoja, sikukariri tena nomino peke yake. Arbor alta, mti mrefu, arboris altae, wa mti mrefu, arborem altam, sub arbore alta, chini ya mti mrefu. Flos albus, floris albi, florem album. Ona sasa, arbor na flos ni kundi moja la tatu, mikia yao ya nomino inafanana, lakini moja ni ya kike na nyingine ya kiume na sifa ndiyo inayokuonyesha. Nikiwa na mche mkononi nasema arborem parvam, nikiuweka chini nasema kitu kingine, wale vijana wangu wa kitaluni walidhani nawaombea miche ishike.

Na kamwe, kamwe msikariri nomino ya kundi la tatu bila jenitivu yake. Kamusi inaandika flos, floris, m. Hiyo "floris" sio urembo, ndiyo shina. Ukijua flos tu hutajua florem inatoka wapi, ukijua radix tu utatunga radixem yako mwenyewe. Ile herufi ya mwisho, m (ya kiume) au f (ya kike) au n (isiyo ya kiume wala ya kike), ndiyo inayoamua sifa zote zitakazokuja, kwahiyo ukinakili msamiati nakili vitatu vyote au usinakili kabisa. Watu wa misitu nawajua, mnapenda kuruka hiyo.

Ile jinsia ya tatu, ya n, ndiyo rafiki yenu. Nominativu na akuzativu zake huwa sawa siku zote, na wingi wake kwenye hali hizo huishia na a. Folium viride, jani la kijani, folia viridia, majani ya kijani. Mtego wake ni huohuo: semina parva ni mbegu ndogo nyingi, lakini parva ukiiona peke yake unaweza kuiona kama kitu kimoja cha kike. Rudi kwenye nomino yake kabla hujaapa.

Alafu kuna sifa zisizo na us, a, um. Hizo zinaenda kwa is na e. Maharage ni Phaseolus vulgaris, shayiri ni Hordeum vulgare. Tangawizi ni Zingiber officinale. Hapa ya kiume na ya kike wanagawana mkia mmoja wa is, ya tatu inachukua e. Mlingoti mwingine ni Eucalyptus grandis, ukiandika granda hapo umejitungia Kilatini cha Mafinga.

Nikapata kiburi kidogo hapo nikaanza kukagua majina yote ya shambani. Alizeti Helianthus annuus, pilipili Capsicum annuum, sawasawa, us kwa us na um kwa um. Viazi vya Njombe Solanum tuberosum, sawa. Mahindi Zea mays... mays ni sifa ya wapi? Kitunguu maji Allium cepa, mbona sio cepum? Nikarudi kwa mzee, na hapa hata yeye alikuna kichwa, maana seminari hawakufundishwa mimea. Tukalichambua mpaka tukaelewa: neno la pili kwenye jina la mmea sio lazima liwe sifa. Mays na cepa ni nomino zilizowekwa pembeni ya nomino nyingine, hazipatani na mtu. Mengine ni jenitivu, kama Pinus elliottii, ile ii inamaanisha "ya Elliott", haitabadilika hata ukiihamishia wapi. Kakao ya Kyela ni Theobroma cacao, cacao ni nomino, na Theobroma yenyewe inaishia na a lakini ni ya Kigiriki na haina jinsia ya kike, ndugu yake wa Amerika Kusini anaitwa Theobroma grandiflorum. Kwahiyo kabla ya kulalamika kwamba upatanisho umevunjika, jiulize kwanza kama kweli ulichoshika ni sifa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ule mti ambao watu wanauchuna magome kwa dawa ya tezi dume, upo kwenye misitu yetu ya nyanda za juu. Vitabu vya zamani vinauita Pygeum africanum, vya sasa vinauita Prunus africana. Walipouhamishia jenasi ya Prunus, mwaka 1965, neno la kwanza likawa la kike na sifa ikalazimika kubadilisha mkia ifuate. Mti haukujua chochote. Na hata sasa, ambapo tangu mwaka 2012 mtaalamu anaruhusiwa kuueleza mmea mpya kwa Kiingereza badala ya Kilatini, jina lenyewe bado linatakiwa lipatane.

Vidogo vidogo: matamshi yasiwatishe, a e i o u zao ni kama zetu, tofauti ni kwenye c, ya kanisani inasoma caeli kama "cheli" na ya kwenye vitabu vya chuo inasoma k, chukua yoyote ila usichanganye. Vitabu vinavyoweka kamstari juu ya irabu ndefu ni vizuri zaidi kwa anayeanza, kwa sababu silva ya mtenda na silvā ya ablativu bila kamstari ni mapacha. Na programu za simu za kutafsiri msiziamini kwenye sifa, mara nyingi zimenipa mkia wa jinsia isiyo yake kwa ujasiri mkubwa. Kama kuna mzee aliyepita seminari jirani yako, peleka sukari kilo moja ukamsalimie, huyo ni bora kuliko bando la mwezi.

Kwa wewe wa sheria, usihangaike na mimea yangu. Una vyako tayari na unavisema kila siku bila kuvichungulia. Actus reus (tendo la kosa) na mens rea (nia ya kosa): tendo ni reus kwa sababu actus ni ya kiume, kundi la nne, nia ni rea kwa sababu mens ni ya kike, kundi la tatu. Sifa moja, mikia miwili, na hakuna hata mmoja unaofanana na nomino yake kwa kundi. Res judicata, jambo lililokwisha kuamuliwa, kundi la tano, la kike. Bona fides ni nominativu, bona fide ni ablativu, "kwa nia njema", ndio maana herufi moja imepungua. Obiter dictum, neno la jaji la pembeni, ikiwa nyingi ni obiter dicta. Vipange kwenye daftari, kila kimoja andika jinsia, idadi na hali, utamaliza nusu ya kozi kabla hujanunua kitabu. Na ukifika kwenye amicus curiae, rafiki wa mahakama, marafiki wakiwa wengi ni amici curiae, hiyo curiae usiiguse, iko kwenye jenitivu na mahakama ni ileile moja.